Pakiti Ilikwama kwa Baba Mukwe

Nimestaafu. Munaweza kucheka, hata mama yangu alicheka. Watu wanastaafu na mvi, na mukongojo, na saa ya ukutani yenye wamepewa zawadi. Mimi nimestaafu na meno yote na mugongo moja mbaya. Daktari aliangalia picha ya mifupa yangu akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia napanda munara za intaneti. Akasema mutu mwenye mugongo kama hii asipande hata kitanda ya juu. Kazi yangu iliisha hivyo, nyuma ya pazia, nimevaa nguo ya hospitali yenye imefunguka nyuma.

Sasa nyinyi vijana mumebaki na munara ya Bwera, hapa mupakani ya Uganda na Kongo. Wengine kati yenu munanizidi umri, lakini mustaafu ni mimi, kwa hiyo mutakaa chini munisikilize. Biira, mukubwa wa kituo ya Kasese, ameniambia niandike yenye najua kabla sijaanza kufuga kuku na kusahau. Mambo ya vyeo sitaandika. Nilikuwa na cheo moja, na ilinitosha. Shule nilifika P7, darasa ya saba, mwalimu akachoka, nikamuhurumia nikatoka. Kwa hiyo musitafute hapa maneno ya kitabu. Nitasema vile tulikuwa tunasema juu ya paa.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu ya kanisa. Muzee Masereka, mukubwa wa kituo ya Bwera, alikuwa zamani fundi wa redio jeshini, na mudomo yake ilibaki huko kambini. Hakuniambia karibu.

"Jina."

"Mbusa, afande."

"Umesoma?"

"P7, afande."

"Inatosha. Kupanda unajua?"

"Nimepanda avokado za majirani wote, afande, na sijawahi kushikwa."

Hakucheka. Muzee alikuwa anaweka kicheko kama watu wanaweka sabuni, anatoa kidogo kidogo. Akanipa mufuko ya kahawa, imefungwa na kavera ya plastiki, juu imeandikwa jina ya dada yake na neno Bugoye. Bugoye ni mbali, kule bonde ya Mubuku, karibu na mahali wanatoa umeme kwa maji. Mimi sikuwa nimefika huko hata kwa ndoto.

"Utapeleka hii," akasema. "Njia hutaniuliza. Kila mahali unafika, unauliza mutu moja tu: nikienda Bugoye, nipitie kwa nani? Atakuonyesha mutu wa mbele. Unaenda kwa huyo, unauliza tena. Mufuko hufungui. Wenye unauliza pia hawafungui. Wanasoma juu, basi."

"Na nikipotea?"

"Ukiuliza watu wengi mpaka vidole ya mikono imeisha na hujafika, tupa mufuko, kaa chini, nipigie simu useme: afande, nimekufa."

Nikafikiri huyu muzee iko na ugonjwa. Lakini nikaenda. Kutoka Bwera mpaka Kinyamaseke haikuwa shida, barabara ni moja. Pale Kinyamaseke nikauliza kijana wa boda. Akasema, ya Bugoye, uliza yule mama wa chapati. Nikauliza mama wa chapati. Akasema, ya Bugoye, uliza yule kijana wa boda. Munajua kwetu: mutu wa safari akikuuliza njia, humwambii sijui. Ni kama kumufungia mulango kwa uso. Unamuonyesha mutu, hata kama huyo mutu pia hajui. Basi nikazunguka kati ya boda na chapati, boda na chapati, mpaka yule mama akaanza kufikiri nimependa binti yake.

Juu ya paa ya duka moja kulikuwa na kijana anafunga antena, ameona yote, anacheka mpaka spana imemuanguka. Huyo ndiye Baluku, fundi wetu wa Kinyamaseke. Akashuka, akanishika bega, akaniambia pita Kasese, uliza fulani. Ndivyo nilifika Bugoye. Dada ya Muzee akanipa chakula, akasema, mwambie imefika.

Nikarudi nikasema, "Afande, imefika."

"Umejua netwaki," akasema. "Hiyo ndiyo yote. Kesho utajifunza kupanda."

Nilidhani ananichezea. Kumbe alikuwa amenipa kozi nzima na mufuko ya kahawa. Rauta, ile kasha yenye taa yenye munaona kila munara, haijui barabara yote. Inajua jirani tu. Kichwani yake iko na orodha ndogo: anwani hii, peleka kwa huyu; anwani ile, peleka kwa yule. Kama inajua Bugoye yote, na inajua pia nyumba moja pale Bugoye, inafuata ile ya nyumba, sababu iko karibu zaidi na ukweli. Na chini ya orodha iko na musitari ya mwisho: zenye sijui, zote peleka kwa fulani. Kwa sababu rauta pia ni mutu wa kwetu, haisemi sijui.

Picha yako, sauti yako, umbea yako, yote inakatwa vipande, na kila kipande ni pakiti. Kila pakiti inatembea peke yake na anwani yake usoni. Rauta haifungui kuona ndani. Inasoma juu, inasukuma mbele. Na kila pakiti imepewa maisha, namba ndogo tu. Kila rauta yenye inapita inakata moja. Ikifika sufuri, pale pale inatupwa, na mwenye kuituma anapata ujumbe: mutu wako alifia huku kwetu, pole. Bila hiyo, ile boda na chapati ingezunguka mpaka leo. Na kitu ingine: sisi wa njia hatukuapa kwamba itafika. Wako wengine huko juu, ndani ya simu na kompyuta, wanaohesabu zilizofika na kutuma tena zilizopotea. Sisi tulikuwa watu wa barabara.

Vifaa yangu ilikuwa mukanda wa kupandia, spana, laptop yenye herufi zimefutika kwa kidole, na kavera. Kavera musidharau. Mvua ya kutoka Rwenzori haipigi hodi. Nimewahi kufunika laptop, simu, mukate, na siku moja kichwa ya Muzee, yote na kavera moja.

Sasa ya Mweya. Bwera ilikuwa na njia mbili ya kufika Kasese. Ya kwanza ilipita Kinyamaseke kwa Baluku, nene, inapitisha kila kitu. Ya pili ilikuwa nyembamba, inaruka nyanda mpaka Mweya ndani ya mbuga, halafu inapanda Kasese. Ile ya Mweya Muzee hakuipenda. Siku moja tembo alikuja kujikuna na nguzo, sahani ya antena ikageuka ikaangalia ziwa, na samaki wakapata intaneti kushinda watu wa Bwera. Wakanituma niirudishe. Nilipomaliza niko juu, askari wa mbuga ananiita kutoka chini.

"Fundi, shuka pole pole."

"Kuna nini?"

"Iko tu ngiri."

Ngiri walikuwa wamelala chini ya ngazi, mama na watoto, kama mimi ndiye nimeingia sebule yao bila ruhusa. Nilikaa juu pale mpaka walimaliza kulala. Muzee akasema njia yenye inategemea ngozi ya mnyama hawezi kuiamini, akaiacha ya watu wa mbuga tu. Sisi wote tukapita kwa Baluku.

Biira alikuwa anataka tuweke rauta zenye zinaongea zenyewe, moja ikikatika zinaambiana, zinabadili njia bila mutu. Muzee akakataa. "Mashine zikianza kupiga umbea, nitajuaje nani alisema nini?" Kwa hiyo orodha zote tulikuwa tunaandika kwa mukono, na neno ya siri ya rauta ya Bwera ilikuwa kichwani ya Muzee, na kile kichwa haikuwa na mulango ya nyuma.

Ilienda vizuri mpaka Baluku akaoa Masika. Masika ni binti ya Muzee.

Mbele ya arusi, wale wawili walikuwa wanatukanana kwa simu kila asubuhi, na kazi inatembea. Muzee anasema, wewe kichwa ya muhogo, antena yako inaangalia wapi? Baluku anajibu, inaangalia huko kwako, afande, ndiyo maana haioni kitu. Baada ya arusi, kimya. Baluku akiona jina ya Muzee kwa simu anasimama wima, hata kama iko juu ya paa. Munajua vile iko: baba mukwe huwezi kumwambia amekosa. Na baba mukwe naye, kitu imetoka kwa mukwe wake haikatai wala hairudishi na maneno, ni kama kurudisha mbuzi za posa. Tena Muzee alikuwa ameharibu mambo zaidi. Siku ya arusi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Baluku, kutoka leo kila kitu yangu inapita kwako." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Sikujua ni orodha ya rauta tunapigia makofi.

Basi ikafika ile Jumamosi.

Mama Katungu alikuwa muuza vitenge kule soko ya Mpondwe. Ni mutu wa Butembo, kule Kongo, alikimbia vita akaja Bwera, akakaa. Binti yake Kavira alikuwa Lubumbashi, mbali kusini ya Kongo, na ile Jumamosi alikuwa anaolewa. Mama hakuweza kwenda. Barabara ya kupitia Beni ilikuwa ya bunduki, na ndege ni ya watu wengine. Familia ya bwana arusi walikuwa tayari wananong'ona kwamba huyu musichana hana watu, ametoka tu huko porini. Kavira akaapa: hatoki nyumba kwenda kanisa mpaka mama yake mwenyewe, kwa mudomo yake mwenyewe, na wale wakwe wote wakisikia, amubariki. Na padri alikuwa na arusi ingine nyuma ya ile. Saa nne ikipita, inakwenda mwezi mwingine, na kwa mwezi moja munajua maneno ya wakwe inaweza kuota mpaka wapi.

Simu ya kawaida kwenda Lubumbashi ilikuwa imekataa wiki yote, mwanamuke wa mashine anasema tu Kifaransa. Kwa hiyo Mama alikuja kwetu mapema, kituoni, akae mbele ya laptop yetu. Alivaa kitenge mupya, kilemba kimesimama kama kanisa, na viatu ya kisigino ingawa laptop haioni miguu. Alikuja pia na chupa ya maji ya baraka ya parokia yake.

Muzee aliangalia chupa. "Mama, hiyo maji ni ya nini?"

"Ya kunyunyizia batoto."

"Watoto wako Lubumbashi."

"Na beko ndani ya hii mashine, ao hapana?"

"Nyunyizia munara, Mama. Munara iko nje."

Nikatafuta kavera.

Ijumaa jioni radi ilikuwa imepiga huko Kinyamaseke. Asubuhi hii simu ilitosha kupiga Kinyamaseke na Kasese, lakini intaneti ya simu ilikuwa inazunguka tu. Na yetu? Nikapiga Lubumbashi kwa laptop. Hakuna. Nikapiga tena. Hakuna.

"Mbusa," Mama akasema, "rezo iko?" Kwao netwaki ni rezo.

"Inakuja, Mama."

"Inakuja inatoka wapi? Inatembea na miguu?"

Kilichonishangaza ni taa. Rauta ikikosa njia, taa zinatulia. Hizi zilikuwa zinacheza kama zimelewa. Nikatuma kile tunaita kufuata nyayo, unatuma pakiti zenye maisha mafupi, kila moja inafia mbele kidogo ya mwenzake, na kila rauta yenye imeua inakujibu jina yake. Majibu yakaja: Bwera. Kinyamaseke. Bwera. Kinyamaseke. Bwera. Kinyamaseke. Nikasikia harufu ya chapati.

Nikatoka nje nikapigia Baluku.

"Ile antena yako ya Kasese iko nzima?"

"Imeungua jana. Radi. Nangojea ingine kutoka kwa Biira."

"Na pakiti za Kasese unapeleka wapi?"

"Kwa Baba. Yeye iko na ile ya Mweya."

"Yeye anarudisha kwako."

"Naona."

"Unaona tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na hujamwambia?"

"Mbusa, wewe hujaoa. Nianzie wapi? Habari ya asubuhi, baba, Masika anakusalimia, orodha yako imekosa?"

Nikarudi ndani. Muzee alikuwa amekaa mbele ya rauta, anaangalia zile taa kama mutu anaangalia mvua inaharibu maharage yake.

"Muzee, vitu yetu inaenda Kinyamaseke na inarudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Kijana, mimi nilikuwa kwa redio ukiwa bado unanyonya. Najua."

"Sasa tupeleke Mweya."

"Nilisema mbele ya watu kila kitu yangu inapita kwake. Nikiondoa leo, siku amepata shida, itaonekana vipi? Nimemunyang'anya."

"Sasa mwambie yeye aache kukutumia zake."

Akageuka akaniangalia. "Mukwe wako anakutumia kitu, unamwambia aache?"

Saa ya ukuta ilikuwa inaenda. Laptop ikapiga tena yenyewe, ikakosa tena yenyewe. Mama Katungu alikuwa amesikiliza yote.

"Banagombana?" akaniuliza pole pole.

"Hapana, Mama. Wanaheshimiana."

"Aa," akasema, akatengeneza kilemba. "Ile ndiyo mubaya zaidi."

Halafu akanishika mukono. "Mbusa. Kule banasema mutoto yangu haina batu. Kama minanyamaza leo, banasema kweli. Umesikia?"

Nilisikia.

Nikafikiri hivi: hawa wawili hawana njia kati yao. Kila mutu anasukuma kwa mwenzake na maneno inafia katikati. Mimi sina mukwe, sina muke, hata musichana wa kunikataa sikuwa naye wiki ile. Mutu kama mimi anaweza kupita popote. Nikatoka tena nje na simu.

"Baluku. Mugeni akifika kwako anaenda Mweya, unamupeleka kwa nani?"

"Kwa Baba."

"Na Baba ungetaka amufanyie nini?"

"Amusindikize."

"Naweza kumwambia hiyo?"

"Hiyo si kumukosoa?"

"Hiyo ni kumuomba."

Nikasikia anakuna kichwa. "Mwambie. Lakini sema nimeomba. Usiseme nimesema."

Nikaingia. Nikasimama wima kama siku ya kwanza.

"Muzee, Baluku anaomba."

"Anaomba nini?"

"Hao anakutumia ni wageni wake. Kwake barabara imekatika, ndiyo maana amewaleta kwako, hana nyumba ingine ya kuamini. Anaomba uwasindikize mpaka Mweya. Wakirudi kwake, watu wa Kinyamaseke watafikiri kwa baba mukwe hawakupokelewa."

Masharubu ya Muzee ikatembea upande moja, halafu upande ingine.

"Amesema hivyo?"

"Ameomba hivyo."

"Mugeni harudishwi mahali ametoka," akasema, kama mimi ndiye nilikuwa nabisha. Akavuta kibao. Muzee alikuwa anaandika na kidole moja, kwa nguvu, kama anaua siafu. Akaweka neno ya siri, mimi nikaangalia ukuta kwa heshima, akaandika musitari ya mwisho mupya: zenye sijui, zote peleka Mweya.

Zile taa zikaacha ulevi. Nikafuata nyayo: Bwera, Mweya, halafu majibu ikaisha. Nikapiga Lubumbashi.

Hakuna.

Mama alitoa rozari kwa mukoba.

Hapa vijana munisikilize, hii ndiyo inawakamata wengi. Kwenda na kurudi ni safari mbili. Pakiti zetu zilifika Lubumbashi vizuri, zikasalimia. Majibu ikaanza kurudi, ikafika Kasese, na Kasese kwa orodha yake Bwera bado ilikuwa nyuma ya Kinyamaseke. Kwa hiyo ilikuwa inasukuma majibu yetu yote kwa ile antena yenye imeungua, moja baada ya ingine, kama mutu anatupa barua kwa shimo. Nikapigia Biira.

"Biira, Bwera imehamia Mweya."

"Nani aliniambia?"

"Mimi. Sasa."

"Naona. Pakiti zenu zinakuja na mimi nazirudishia ukuta. Muzee anajua unanipigia?"

"Unataka akuombe?"

"Mimi sina mukwe hapo," Biira akasema. Nikasikia vidole yake kwa kibao, yote kumi, kama mvua kwa bati. "Jaribu."

Nikajaribu. Ikalia. Ikalia tena. Halafu sauti ya musichana ikaingia, imekatika katikati kama mukate: "Ma... ma?"

Uso yake ilikuja vipande vipande, jicho hapa, taji kule. Njia ya Mweya ilikuwa nyembamba, haibebi picha. Nikakata picha, nikaacha sauti. Sauti ikasimama imara.

"Na viatu yangu?" Mama akaniuliza.

"Nitawaelezea, Mama."

Sauti ile ilitoka Bwera, ikaruka Mweya juu ya ngiri, ikaenda Kasese, Kampala, ikashuka baharini, pengine ikaona Ulaya, halafu ikarudi Afrika ikaingia Lubumbashi. Kutoka kwa Mukongomani kwenda kwa Mukongomani. Na katika rauta zote njiani hakuna hata moja ilijua inabeba arusi.

"Mama, padri anatuita," Kavira akasema. Nyuma yake watu wengi walikuwa wanaongea, halafu wakanyamaza.

Mama alisimama. Alisimama na visigino yake yote. "Kavira, mutoto yangu. Mi niko Katungu, mama yako. Baba yako alikuwa mutu ya Butembo, koko yako, baba ya baba yako, mutu ya Butembo, uko na batu, na bote banakusalimia. Bakwe bangu, munasikia? Mutoto yangu iko na batu. Leo banaume babili ba hapa bamefungua njia juu yake, na balikuwa bamefunga na heshima yao. Nakubariki. Enda na mukono ya Mungu."

Akafungua chupa. Nikatupa kavera juu ya laptop kwa wakati. Maji ikashuka kwa plastiki, na nyingi ikanipata mimi, kwa hiyo kama nimewahi kuwa na bahati, iliingia hapo. Muzee alifumba macho, sijui kwa sala au kwa ajili ya laptop.

"Leta bwana yako," Mama akasema.

Sauti ya mwanaume ikaja ndogo. "Ndiyo, Mama." Jina yake ilikuwa Pasikali.

"Pasikali. Siku moja nitakukosea. Niko muzee, nitakosea. Ile siku usinyamaze. Uniambie, mama, umekosa."

Niliangalia taa nikidhani tembo amerudi.

"Unanisikia, ao rezo imekatika?"

"Nakusikia, Mama."

"Bon. Tujaribu. Sema."

"Niseme nini?"

"Sema, mama, umekosa."

Kule watu walianza kucheka, wanawake hasa. Pasikali akakohoa. "Mama..." akasema. "Umekosa."

"Voila. Sasa uko mutoto yangu. Muende kanisani, padri anangoja."

Vigelegele ikapanda kule, ikafika kwetu imekatwa katwa na Mweya, lakini ilifika. Mama akakaa chini polepole, akavua viatu, akaanza kulia na kucheka pamoja, na mimi nikashika kavera yenye maji kama mujinga, sijui niiweke wapi.

Muzee alitoka nje. Nikamufuata, kikazi. Alisimama chini ya munara, akatoa simu, akaiangalia sana kabla ya kupiga. Iliita mara moja tu.

"Ndiyo, baba," tukasikia Baluku.

"Umesimama?"

"Ndiyo, baba."

"Kaa chini."

Tukasikia kiti.

"Kosa ya leo ilikuwa ya nani?"

Nilikuwa namuombea Baluku kimoyomoyo, na mimi si mutu wa kuomba.

"Ya kwako, baba."

Muzee akapumua na pua. "Na ya kwako?"

"Na ya kwangu pia."

"Ulijua tangu lini?"

"Asubuhi."

"Mimi pia," Muzee akasema. Akakaa juu ya jiwe. Halafu akauliza ile antena imeungua upande gani. Baluku akasema upande ya chini. Muzee akasema haiwezekani, radi haiingii kwa chini. Na Baluku, akiwa amekaa, akamwambia inawezekana, baba, kuja uone.